Kisamaki kimekufa au kisamaki amekufa?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nimeokota kisamaki ufuoni hapa Malindi. Hakina magamba, tumbo limefutuka, na meno yake yameungana mfano wa mdomo wa kasuku. Nikawatumia jamaa picha na maneno haya: "Kisamaki kimekufa." Shemeji yangu wa Lamu akanisahihisha: samaki ni kiumbe, sema "amekufa". Mwingine akadai kwamba kilichokufa si kiumbe tena. Yupi sahihi? Na samaki gani huyu?

Jibu: Marahaba. Kwa sifa hizo, huyo ni bunju. Usimpike wala usimtupie paka. Sumu yake, ambayo hukaa zaidi kwenye ini na mayai, haiondoki kwa moto.

Hoja ya kufa tuiweke kando upesi. Samaki walio mezani kwa muuzaji wamekufa wote, na bado atakwambia "huyu wa leo asubuhi", hasemi "hii". Hata kikaangoni, samaki ameiva.

Shemeji ameshika kanuni ya kweli, ila kaipeleka pasipo pake. Majina ya viumbe hufuata upatanisho wa a-/wa- hata yakianza kwa ki-: kiboko amezama, kipepeo ametua, na huko sokoni, kibua mmoja, vibua wawili. Ki- ya kibua haidogoshi chochote. Ndilo jina lake, hata awe wa kujaza sahani. Ki- ya kisamaki umeipachika wewe kwa makusudi, kuonyesha udogo, nayo huja na upatanisho wake: kisamaki kidogo kimekufa, visamaki vidogo vimekufa, kama tusemavyo kitoto kimelala. Ulisema sawa. Wapo wasemao "kisamaki amekufa", nami sigombani nao. Ninachokataa ni mchanganyiko: "kisamaki kimekufa na ana meno makali". Shika njia moja mpaka kwenye nukta.

Wengine wangeandika "kijisamaki". Kiji- ni ya lazima pale shina la neno lina silabi moja: mto, kijito, mbwa, kijibwa. Samaki halina haja hiyo, kwa hiyo kijisamaki huongeza dharau. Aliyeshinda baharini kutwa akarudi na viwili, huyo ana haki ya kulitumia.

Bunju mwenyewe hana matata: bunju huyu, bunju hawa. Wapendao kusema mabunju nao waseme mabunju hawa, si mabunju haya.