Ninavyopima kikosi cha taifa cha vijana cha hoki ya barafu kabla ya mashindano

Mkuu, umeuliza mambo mawili kwa mpigo: kikosi cha taifa cha hoki ya barafu cha chini ya miaka 20 kikishatangazwa, mtu anakipimaje kabla mechi ya kwanza haijachezwa; na imekuwaje Kanada, yenye majina makubwa kuliko ya wengine wote, ikatolewa robo fainali 2024, kisha 2025, na Czechia ile ile. Nitayajibu kwa pamoja, maana jibu la pili limo ndani ya la kwanza. Michuano hii ya dunia nimeifuatilia tangu ile ya Toronto na Montreal ya 2015, na kila Desemba orodha zikitoka huwa nakaa nazo na kalamu kabla sijasoma maoni ya mtu mwingine.

Anza na ratiba, kwa sababu kikosi hupimwa kwa kazi kinayoendea. Timu ni 10, makundi mawili ya timu 5, kuanzia Desemba 26 hadi Januari 5, na mashindano huitwa kwa mwaka wa Januari hiyo. Timu 4 za kila kundi zinaingia robo fainali. Anayefika fainali anacheza mechi 7 ndani ya siku 11, na nusu fainali na fainali zimekuwa zikichezwa siku mbili zinazofuatana. Hatua ya makundi, kwa timu kubwa, haikuambii lolote. Sweden ilishinda mechi 54 mfululizo za makundi, tangu mashindano ya 2007 hadi Desemba 2020. Katika miaka yote hiyo ilichukua dhahabu mara moja tu, 2012, pale Mika Zibanejad alipofunga dakika za nyongeza dhidi ya Urusi. Kwa hiyo swali ninalojiuliza nikiwa na orodha mkononi ni moja: hawa watacheza vipi Januari 2, katika robo fainali ya mechi moja, mabao yakiwa sawa na dakika zimebaki chache?

Ndiyo maana naisoma orodha kuanzia nyuma, kwa makipa. Orodha ina nafasi 25, tatu za makipa, lakini anayebeba timu ni mmoja. Slovakia 2015 haikuwa na kikosi cha kutisha, ila ilikuwa na Denis Godla golini. Walitoka na shaba, wakiifunga Sweden 4-2, na Godla akatajwa mchezaji bora wa mashindano yote. Desemba 27, 2024, kule Ottawa, Linards Feldbergs wa Latvia alipangua mashuti 55 ya Kanada, na Latvia wakashinda 3-2 kwa mikwaju. Ukilinganisha orodha za timu hizo mbili jina kwa jina usiku ule, hakuna ambaye angeipa Latvia nafasi. Jina moja lilitosha.

Sasa kipa wa miaka 18 au 19 unampimaje? Usitegemee asilimia ya mashuti aliyookoa. Mmoja anacheza nyuma ya timu kali inayoruhusu mashuti machache na mepesi, mwingine anapigwa mvua ya mashuti kila wiki, na tarakimu zao huwezi kuziweka mezani pamoja. Mimi natazama kwanza amecheza mechi ngapi msimu huu. Wako makipa vijana, hasa Ulaya, waliopandishwa timu ya wakubwa ya klabu wakawa wa akiba. Jina limepanda lakini mwili haujapigwa mashuti ya kweli tangu Oktoba. Huyo ananitia wasiwasi kuliko kijana anayedaka kila wiki kwenye ligi ya chini.

Halafu tafuta mechi yake nzima, si vile vipande vya video vinavyoonyesha alivyookoa tu. Kaa kwenye dakika ambazo timu yake inashambuliwa, na shuti likipigwa angalia kinachofuata baada yake. Kile kisahani cheusi kinachochezewa badala ya mpira, kikigonga padi za miguu kinaelekea wapi? Kipa aliyeiva anakisukumia pembeni, kwenye ukuta, ambako hakuna mtu. Ambaye bado hajaiva anakirudisha katikati, mbele ya goli lake, na hapo hakukosekani mtu mwenye gongo anayekingoja. Kisha mtazame shingo. Pasi ikikatiza kutoka kushoto kwenda kulia, kichwa kinapaswa kugeuka kwanza ndipo mwili ufuate. Kichwa kikichelewa, mwili unateleza kuelekea pale kisahani kilipokuwa, na bao limeingia. Hili utaliona ndani ya nusu saa, na takwimu hazitakuambia.

Baada ya makipa nageukia mwaka wa kuzaliwa. Pembeni ya kila jina naandika mwaka, na nani aliyecheza mashindano yaliyopita. Haya ni mashindano ya vijana wa miaka 19. Watu wanamkumbuka Connor Bedard, aliyepata pointi 23 (mabao pamoja na pasi za mabao) katika mechi 7 mwaka 2023 akiwa na miaka 17, wakadhani kila kijana wa miaka 17 mwenye kipaji atafanya hivyo. Wa namna yake ni nadra mno. Tofauti ya mwaka mmoja na nusu katika umri huu ni kilo kadhaa za misuli na mechi nyingi za kugongwa ukutani.

Marekani ilichukua dhahabu 2024 kule Gothenburg kwa kuifunga Sweden 6-2, halafu 2025 ikarudi Ottawa na kundi la vijana wale wale: Ryan Leonard, Gabe Perreault, na kipa Trey Augustine aliyekuwemo tangu 2023. Katika fainali ya 2025 walikuwa nyuma 3-1 dhidi ya Finland, na wakashinda 4-3 dakika za nyongeza. Kabla ya mashindano yale, ukiweka alama kwa waliorudi, orodha ya Marekani ilikuwa imejaa alama.

Upande wa pili wako Finland wa 2017. Mwaka 2016 walikuwa mabingwa nyumbani Helsinki, wakiwa na Patrik Laine, Jesse Puljujärvi na Sebastian Aho. Wote watatu umri ulikuwa bado unawaruhusu kurudi 2017. Hawakurudi, kwa sababu walikuwa tayari NHL, ligi kuu ya kulipwa ya Amerika Kaskazini. Finland ikapoteza mechi tatu za kwanza, kocha Jukka Rautakorpi akaondolewa katikati ya mashindano, na mabingwa watetezi wakaishia kucheza mechi za kuepuka kushuka daraja. Kwa hiyo pamoja na waliomo, andika orodha ya pili: wasiokuwepo ambao umri unawaruhusu. Klabu ya NHL haina wajibu wa kumwachia mchezaji, na pengo la mtu mmoja linaweza kuhamisha safu nzima. Kanada ya 2025 ilimkosa Macklin Celebrini kwa njia hiyo hiyo, alikuwa klabu ya San Jose ya NHL akicheza na wakubwa.

Mabeki. Hapa ndipo watu wengi wanapita haraka, na mimi ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi. Hoki ya vijana inachezwa kwa kasi kubwa na kwa kukimbizana: timu inakitupa kisahani nyuma ya goli la wapinzani, washambuliaji wawili wanakwenda kukigombea. Beki anarudi kukifuata, adui yuko mgongoni. Kabla hajakigusa, je, anageuza uso kuchungulia juu ya bega? Anayechungulia anajua tayari atampa nani. Anakigusa na kukiachia kwa pigo moja, na timu imeshatoka. Asiyechungulia anakifikia, anasimama kutafuta mtu, anabanwa ukutani, na sasa timu yake italinda kwa dakika nzima huku miguu ikiisha. Kwenye ligi yake anaponea kwa kuwa anayemkimbiza hana kasi ya kutosha. Kwenye mashindano haya, wanaomkimbiza ndio wenye kasi kuliko wote wa rika lao.

Angalia pia amezoea uwanja wa upana gani. Barafu za Amerika Kaskazini zina upana wa karibu mita 26, na viwanja vingi vya Ulaya vilijengwa na mita 30. Beki aliyekua kwenye mita 30 amezoea kuwa na nafasi ya kuzunguka, na akiletwa kwenye mita 26 mpinzani anamfikia mapema kuliko alivyotarajia. Mwenye tabia ya kuchungulia hahangaiki sana na mabadiliko hayo. Na usidhani beki ni mtu wa kuzuia tu: mwaka 2025 aliyeongoza mashindano kwa pointi alikuwa beki, Cole Hutson wa Marekani, na pointi zake 11.

Sasa washambuliaji, na hapa nakuja kwa Kanada yako. Ni kawaida ya makocha wa vikosi hivi kugawa washambuliaji: safu mbili za kufunga, safu mbili za kazi ngumu, watu wa kugonga, wa kulinda timu ikiwa pungufu kwa sababu ya adhabu, wa kukaba. Nafasi za kazi ngumu zinajazwa kwa vijana wanaojituma lakini mabao hawana. Naelewa nia ya makocha hao, na siipendi kabisa. Kikosi cha 2025 kiliwaacha nyumbani Beckett Sennecke, aliyekuwa chaguo la 3 kwenye drafti ya NHL ya 2024 (klabu zikichagua vijana kwa zamu), na Zayne Parekh, chaguo la 9, beki aliyekuwa ametoka kufunga mabao 33 katika msimu mmoja wa OHL, ligi ya vijana ya Ontario. Kisha Kanada ikacheza mechi 5 na kufunga mabao 13: manne dhidi ya Finland, mawili kwa Latvia, matatu kwa Ujerumani, moja kwa Marekani, matatu kwa Czechia. Timu iliyopangwa isifungwe ilitolewa 4-3, bao la Adam Jecho wa Czechia likiingia ndani ya dakika ya mwisho. Mwaka mmoja kabla ilikuwa 3-2, Jakub Štancl, naye wa Czechia, akifunga zikiwa zimebaki sekunde zisizofika 12.

Sisemi kwamba Sennecke na Parekh wangeleta dhahabu. Ninachosema ni kwamba kazi ngumu haihitaji watu maalumu wasiojua kufunga. Itazame fainali ya Agosti 2022 kule Edmonton (mashindano yale yaliahirishwa), Kanada na Finland, 2-2, dakika za nyongeza. Shuti la Topi Niemelä wa Finland limeshampita kipa, kisahani kiko hewani kinashukia mstari wa goli. Anayekipiga kwa gongo lake na kukiondoa mstarini ni Mason McTavish, yule yule aliyekuwa na pointi 17 na akatajwa mchezaji bora wa mashindano. Muda mfupi baadaye Kent Johnson anafunga, dhahabu ya Kanada. Mfungaji wao mkuu ndiye aliyefanya kazi ya beki wa mwisho.

Kwa hiyo kwa kila mshambuliaji kwenye orodha huwa nauliza: kocha wa klabu yake anamwamini timu ikiwa pungufu? Anasimama kugombea kisahani mwamuzi anapokidondosha upande wa goli lao? Nikipata washambuliaji sita wenye mabao ambao jibu lao ni ndiyo, kikosi hicho nakiheshimu. Nikikuta kazi hizo zote zimewekwa kwa vijana wanne wenye pointi chache, najua siku wakiwa nyuma kwa bao moja kocha atabaki na safu mbili tu za kutegemea, na zitakuwa zimechoka. Jambo jingine ni adhabu. Mchezaji anayetolewa dakika mbili kila mechi kwenye klabu yake hatabadilika akivaa jezi ya taifa, na katika mashindano mafupi kama haya anaweza kukugharimu mwaka mzima.

Mechi za kirafiki za kabla ya Desemba 26 zitazame, ila matokeo yaache. Tazama nani anapangwa na nani, na nani anatumwa barafuni mara tu timu inapofungwa bao. Zamu moja ni chini ya dakika, kwa hiyo chaguo la kocha linaonekana wazi kabisa. Aliyetumwa wakati huo ndiye anayeaminiwa, hata kama vyombo vya habari vinamzungumzia mwingine.

Kuna jambo moja naliomba kwa kila anayependa kupima vikosi hivi. Januari 2019 Kanada ilitolewa na Finland robo fainali, 2-1, na nahodha Maxime Comtois alikosa penalti katika dakika za nyongeza. Watu walimporomoshea matusi mtandaoni, kijana ambaye siku ile alikuwa bado hajafikisha miaka 20. Tunapoandika kwamba fulani hafai, tuandike kuhusu kazi anayopewa na aliyempanga. Mchezaji mwenyewe ni mtoto aliyeitwa na taifa lake akaitikia.

Orodha ya mwaka huu ukiipata, iweke hapa na miaka ya kuzaliwa pembeni, na uweke alama kwa waliorudi. Makipa na mabeki nitawatazama kwanza. Nikikuta kipa aliyecheza mwaka jana na mabeki wanne wa miaka 19 wanaochungulia kabla ya kugusa kisahani, timu hiyo naiweka nusu fainali hata kabla sijafika kwa washambuliaji.