Mafua makali, hedhi na mimba: maswali yenu

Niliugua UVIKO-19, na mwezi ule hedhi ikachelewa siku tisa. Nimepima, sina mimba. Je, virusi vimeharibu mayai yangu?

Kuchelewa huko hakuonyeshi hivyo hata kidogo. Yai hupevuka kwa amri ya homoni kutoka kwenye ubongo, na mwili ukiwaka homa, huli wala hulali, ubongo huahirisha amri hiyo. Tangu yai litoke hadi damu ionekane hupita takriban siku 14, na muda huo haubadiliki sana, kwa hiyo yai likichelewa, hedhi nayo inachelewa. Aliyeugua baada ya yai kutoka mara nyingi huona siku zake kama kawaida. Hebu tazama kalenda yako: homa ilianza lini? Kwa wengi mzunguko hukaa sawa baada ya mwezi mmoja au miwili. Miezi mitatu ikipita bila damu, nenda hospitali. Huenda tatizo ni homoni za tezi ya shingo, na virusi vimesingiziwa bure.

Chanjo ya UVIKO-19 itanizuia kushika mimba?

Hapana. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022, uliohusisha karibu watu 4,000, ulikuta mzunguko umerefuka kwa chini ya siku moja tu baada ya dozi ya kwanza. Uvumi ulirefuka zaidi.

Nina mimba ya wiki tano na homa imepanda. Nimeze dawa au nivumilie?

Usivumilie, maana homa kali wiki hizi imehusishwa na kasoro za uti wa mgongo wa mtoto, ambao ndio kwanza unajiunda. Parasetamo kwa kipimo cha kawaida inafaa. Ibuprofeni usiiguse bila kauli ya daktari, hasa mimba ikifika wiki 20. Mimba ikishakua, mapafu hubanwa na moyo hufanya kazi zaidi, ndiyo maana mafua na UVIKO-19 humlaza mjamzito kwa urahisi; UVIKO-19 huongeza pia hatari ya kujifungua kabla ya wakati. Chanjo ya sindano ya homa ya mafua inachomwa mimba ikiwa na umri wowote. Ukihema kwa shida, au mtoto akipunguza kucheza, usingoje kukuche.

Nina mafua na ninanyonyesha. Nimwachishe mtoto?

Endelea kunyonyesha. Vaa barakoa, nawa mikono. Maziwa yako yanampelekea kingamwili.

Nilitapika muda mfupi baada ya kumeza kidonge cha uzazi wa mpango.

Kama hazijapita saa tatu, meza kingine.