Kwera wa Kilifi: maswali yenu

Nimeona kundi la ndege weusi wenye tumbo la manjano Arabuko-Sokoke. Ndiye kwera wa Kilifi? (Msomaji, Malindi)

Huenda ndiye, lakini msitu huo una kwera mwingine mwenye mgongo mweusi anayefanana naye. Tazama kifua. Dume wa Kilifi weusi wake hushuka hadi kifuani, na mabawa yana michirizi ya manjano. Yule mwingine ni wa manjano kuanzia chini ya koo. Mtafute kwenye miti ya mirihi, katika ile sehemu ya mchanga mweupe, na uinue macho: hula wadudu juu vileleni. Usikae ukamngoja. Kundi likishapita, limepita.

Mbona sijawahi kuona kiota chake msituni? (Mwalimu, Gede)

Mwalimu, swali lako limewasumbua wataalamu miaka 100. Ndege huyu alipewa jina la kisayansi mwaka 1913, na hadi 2013 hakuna aliyejua anakozalia. Watu walitafuta juu ya miti, kwa sababu huko ndiko anakoonekana. Kumbe mvua zikinyesha vizuri huvuka kwenda msitu wa Dakatcha, kaskazini ya mto Sabaki, akashuka hadi kwenye vinamasi vya msimu na kusuka kiota kwenye nyasi za majini jamii ya ndago. Mtazamaji ndege Fleur Ng'weno na wenyeji wa Dakatcha ndio waliovikuta viota hivyo. Kila nikiifikiria habari hii hunisisimua: ndege wa vileleni, makinda yake juu ya maji! Kinamasi kisipojaa, hazai hapo.

Je, naweza kumfuga? (Msomaji, Mombasa)

Hapana. Sheria ya Kenya inakataza kukamata ndege wa porini bila kibali.

Arabuko-Sokoke inalindwa. Hofu ni ya nini? (Msomaji, Kilifi mjini)

Hofu yangu ni Dakatcha. Arabuko-Sokoke ni msitu wa serikali, una askari na mipaka. Dakatcha kwa sehemu kubwa ni ardhi ya jamii, na huko mirihi inakatwa kwa makaa na kusafishwa kwa mashamba ya mananasi. Kwera huyu haishi popote duniani nje ya kaunti yetu, na anahitaji vyote viwili, mirihi ya kula na kinamasi cha kuzalia. Siwalaumu wachoma makaa, wana watoto wa kulisha. Ila wewe unayenunua gunia kando ya barabara, muulize muuzaji mti umetoka wapi. Mimi nimeanza kuuliza.