Maiki isiyojirekodi yenyewe usiipeleke kwenye nikahi

Mkuu, kama hela bado iko mkononi, usiitume. Umeuliza kama ununue maiki hii isiyo na waya ya kurekodia nikahi, na nimeiona picha ya boksi uliyoweka: transmita mbili (vidude vya kuvaa vinavyorusha sauti), risiva ya Type-C ya kuipokea, "mita 200 haikatiki", na mwenye duka anakuhakikishia kwamba inatosha kabisa kwa nikahi ya binamu yako. Maneno hayohayo niliuziwa mimi Kariakoo, na kazi ya nikahi niliyoifanya kwa maiki ya aina hiyo iliishia kwa kurudisha pesa za wenye shughuli.

Achana kwanza na habari za mita. Muulize jambo moja tu: hicho kidude atakachovaa bwana harusi kina memori ndani, kinarekodi chenyewe? Kama hakina, mwachie. Hata akikupunguzia bei, mwachie.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Nikahi ilikuwa Tanga, nyumbani kwa upande wa bibi harusi. Bwana harusi kavaa kanzu na joho, maiki nimeibana kwenye ukosi. Kabla watu hawajaingia nilijaribu, sauti safi kabisa. Shehe alipofika wanaume wakajaa, wakakaa mkekani bega kwa bega, kila mmoja na simu yake mfukoni. Kamera ikabaki mlangoni maana mbele hapakuwa na pa kukanyaga. Bwana harusi kanipa mgongo kwa sababu anatazamana na walii (msimamizi wa bibi harusi), wameshikana mikono. Walii anamuozesha, bwana harusi anaanza "nimekubali ku…" na sauti inapotea. Inarudi watu wameshaanza dua.

Hedifoni zilikuwa masikioni. Nilisikia inavyokatika, na sikuwa na la kufanya. Huwezi kumwambia shehe asubiri, wala ijabu na kabuli (maneno ya walii kuozesha na ya bwana harusi kukubali) hazirudiwi kwa ajili ya mpiga video. Bibi wa bwana harusi yuko Muscat, afya haikumruhusu kusafiri, alikuwa akiisubiri video hiyo asikie mjukuu wake akikubali. Alichopata ni mgongo wa joho na ukimya. Hadi leo linaniuma.

Nilipomrudia muuzaji, unajua alinijibu nini? "Kaka, hiyo itakuwa network ya Tanga." Network! Maiki hizi hazigusi mnara wa simu hata mmoja. Zinarusha kwa masafa ya 2.4 GHz, na hapohapo ndipo zilipo Wi-Fi na Bluetooth za simu zote za ukumbini. Tena mawimbi hayo hunywewa na maji, na mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji. Bwana harusi akikupa mgongo, mwili wake mwenyewe unaizuia maiki yake, na nyuma yake kuna safu za wanaume wengine. Zile mita 200 ni za mahali pa wazi, maiki na risiva zikionana. Bwana harusi aliyefika mita 200 kutoka kwenye kamera ameshaikimbia ndoa, hahitaji maiki.

Na hawa wachambuzi wa YouTube wananikera vilevile. Amekaa chumbani peke yake, maiki iko hatua moja kutoka kwenye kamera, anakwambia "sauti kali, nunueni". Apeleke basi kwenye nikahi yenye watu, ndipo aje atushauri.

Maiki inayojirekodi inakuokoa kwa sababu moja: mawimbi yakikatika, faili iliyo ndani ya transmita haiguswi. Sauti imeingia moja kwa moja kwenye memori iliyo kifuani mwa bwana harusi. Nyumbani unalichukua faili hilo na kulilinganisha na sauti ya kamera. Programu ya kuhariri video ya DaVinci Resolve, hata ile ya bure, inayalinganisha yenyewe kwa kufuata umbo la sauti, ilimradi kamera nayo imerekodi chochote. Shughuli ikiwa ndefu kagua na mwisho wake, maana hutokea sauti na picha zikaachana kidogo.

Sasa kuwa makini na majina ya maiki, hapo ndipo watu wanapobambikiwa. Rode Wireless GO II inarekodi ndani. Wireless GO ile ya kwanza ya 2019 hairekodi. DJI Mic 2 inarekodi. DJI Mic Mini hairekodi. Hollyland Lark Max inarekodi. Lark M2 hairekodi. Muuzaji atakwambia "zote ni zilezile, tofauti ni umbo". Si kweli. Na ukiwa na GO II, usidhani inaanza kurekodi kwa kuwashwa tu: lazima uiruhusu kwanza kupitia programu ya Rode Central. DJI Mic 2 nayo angalia taa na skrini uhakikishe inarekodi kabla hujamvalisha mtu. Zile zenye 32-bit float (namna ya kurekodi isiyolemewa haraka na sauti kubwa), kama Rode Wireless PRO na hiyo DJI Mic 2, zinasaidia pia MC akipiga kelele, sauti haipasuki kirahisi. Ila usiache kununua kwa kukosa hiyo. Memori ndiyo ya lazima.

Bajeti yako uliyotaja najua haifiki kwenye hizo. Basi usinunue maiki isiyo na waya kabisa kwa sasa. Tafuta maiki ya waya ya kubana kwenye nguo, ichomeke kwenye simu ya pili, fungua programu ya kurekodi, zima laini isije ikaita katikati ya khutba, iweke kwenye mfuko wa kanzu. Haipendezi machoni lakini ijabu na kabuli utaipata nzima. Nami ndivyo nilivyofanya kazi hadi nilipopata hela ya maiki ya maana.

Yule aliyekushauri ununue maiki ya UHF (inayotumia masafa ya chini kuliko 2.4 GHz) ya mtumba kutoka Marekani, mwombe kwanza namba za masafa zilizoandikwa nyuma. Kule maiki nyingi za 600 MHz zilipigwa marufuku Julai 2020 baada ya masafa hayo kuuzwa kwa kampuni za simu, ndiyo maana zinauzwa kwa bei ya kutupa. Na huku kwetu UHF ndiko zinakopita televisheni za kidijitali, kwa hiyo zinaweza kugongana.

Uliuliza pia kuhusu waya wa kamera: pini yenye mistari miwili ni ya kamera, yenye mitatu ni ya simu. Ukichanganya unaweza kupata ukimya na ukadhani maiki ni mbovu. Ulikuwa na maswali mengine ya taa na stendi, hayo wadau watakusaidia.

Kabla hujalipa, mwambie jamaa afungue boksi, arekodi mbele yako huku risiva imezimwa, kisha achomeke transmita kwenye kompyuta akuonyeshe faili. Akikataa, weka hapa picha ya lebo ya nyuma, nitakuangalizia leo hii.