Barua kwa mwanangu: aliyekosa na aliyekosea

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Huku hatujambo, baba yako mguu umepoa na ameanza kwenda shamba.

Umeniuliza juu ya neno "default". Unasema linakusumbua kazini: katika programu mnazotengeneza ni ule mpangilio ambao mashine inautumia yenyewe mtu asipochagua kitu, lakini katika ujumbe wanaotumiwa wakopaji, wenzako wanataka ulitafsiri "mdaiwa sugu". Neno moja linabebaje mambo mawili yasiyofanana hivyo? Nimekaa nalo siku tatu, maana nililitumia kliniki kabla wewe hujazaliwa.

Waingereza walilipata kwa Wafaransa. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, waliiteka Uingereza mwaka 1066, na baadaye Kifaransa kikawa lugha ya mahakama zao. Katika Kifaransa cha zamani, "defaute" ni upungufu, kukosekana. Mahakamani lilimwangukia mtu aliyeitwa siku fulani asitokee. Jina linaitwa, kimya, na shauri linaamuliwa bila yeye. Sisi tunasema limesikilizwa upande mmoja. Hata kwenye mpira, timu isipofika uwanjani wenzao wanapewa pointi tatu za mezani, na Mwingereza anasema wameshinda "by default". Jibu la kompyuta liko hapo. Mafundi wake walilichukua miaka ya 1960 kwa maana ileile: mwenye kuchagua hayupo, basi mashine inaendelea bila yeye. Na deni ni hivyo hivyo, siku imefika na malipo hayakutokea. Novemba 2020 Zambia haikulipa riba ya dola milioni 42.5 ya hati fungani zake, na neno lililotangazwa duniani ni hilohilo.

Lakini ukichimba chini ya Kifaransa unakuta Kilatini, "fallere", na hapo pana uchungu. Maana yake ni kudanganya, na pia kuponyoka pasipo kuonekana. Katika ukoo huo Kiingereza kimepata neno la kushindwa, neno la kosa na neno la uongo. Kwa hiyo tangu kuzaliwa neno hili linamtazama asiyekuwepo kwa jicho la mashaka. Kiswahili chetu nacho kina mtego wake. Tunakosa basi, tunakosa chakula, na kosa ni kosa. Aliyekosa na aliyekosea wametenganishwa na herufi moja tu.

Mimi herufi hiyo niliiruka. Katika daftari la kifua kikuu, mgonjwa aliyekatiza dawa miezi miwili mfululizo au zaidi tulimwandika "defaulter". Kwa Kiswahili tulimwita mtoro. Fikiria neno hilo hapa pwani, ambako watoro walikuwa watumwa waliowakimbia mabwana zao! Tulikuwa na mgonjwa mmoja, mvuvi, aliyeanza dawa vizuri kisha akapotea. Niliandika kwa kalamu nyekundu. Aliporudi amekonda, nilimpokea kwa maneno makali mbele ya watu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasema: "Sista, mimi sikutoroka. Nilikwenda dago na wenzangu, dawa zikaniishia kisiwani." Dago ni kambi ya wavuvi ya msimu, mbali na nyumbani. Hakuna aliyekuwa amemuuliza anavua wapi, wala msimu unakwisha lini. Sisi ndio tuliompa dawa za mwezi mmoja mtu wa safari ya miezi mitatu.

Tukamwanzishia dawa upya na akazimaliza. Wekundu ule haukufutika daftarini, na aibu ninayo mpaka leo. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliacha kuwaita wagonjwa hao "defaulter", likachukua maneno yenye maana ya mtu aliyepotea katika ufuatiliaji. Nilifurahi sana, kwa sababu maneno hayo yanamtaka mhudumu naye aseme alimtafuta wapi.

Sisemi hakuna wanaokopa wakiwa wamekusudia kutolipa. Wapo, na ukishamjua mmoja mwite jina lake. Ila ujumbe wenu unatumwa siku ya kwanza baada ya tarehe kupita, na siku hiyo hamjui lolote zaidi ya kwamba fedha haijafika. Basi andikeni mnachokijua: "Hatujapokea rejesho lako la tarehe fulani. Kama kuna tatizo, tupigie." Na weka namba inayopokelewa na mtu. "Mdaiwa sugu" ni hukumu, na huyo hajasikilizwa. Sugu ni ngozi iliyokufa ganzi kwa kusuguliwa mara nyingi. Aliyechelewa siku moja kaipata wapi?

Wakikukatalia, nieleze wamesema nini, nitakuandikia tena. Dada yako anakusalimu, na mchele wako upo, nautuma kwa basi la Jumamosi.

Ni mimi mama yako.