Mubirizi na kansa: jibu kwa mama wa Kadutu

Mama, umeuliza kama kunywa mubirizi (yale majani machungu, Vernonia) uliokolezwa wa chupa kila asubuhi kunakinga kansa, kwa kuwa mubirizi uliua seli za kansa kwenye maabara. Kweli, umepimwa hivyo. Lakini ndani ya kisahani cha maabara hata sabuni huua seli! Kupima kinga kunataka maelfu ya watu na miaka mingi. Kule Finlandi wavuta sigara 29,133 waligawiwa vidonge ili kupima kama vinakinga kansa. Mwaka 1994 ikaonekana waliomeza beta-karotini, ile rangi ya karoti, walipata kansa ya mapafu zaidi. Zaidi, mama! Kama unatumia dawa za sukari, mwambie daktari kwanza, maana mubirizi unaweza kuishusha mno. Na ukiwa umepita miaka 30, pesa za chupa zile zilipie kipimo cha kansa ya shingo ya kizazi.