Kabla hujaachia wimbo mwingine, msikilize Kiwanuka

Vijana wanaotaka kutoka kimuziki huniuliza prodyuza gani ni mkali na video inagharimu shilingi ngapi. Mimi ni mpiga gitaa wa bendi za hotelini, nimekaa nyuma ya waimbaji wengi, na jibu langu siku hizi ni Michael Kiwanuka.

Ni mtoto wa Waganda waliokimbia utawala wa Idi Amin. Alizaliwa London mwaka 1987, na kabla ya kujulikana kwa uimbaji wa soul, muziki wenye asili ya Wamarekani weusi, alikuwa mpiga gitaa wa kukodiwa, akiwapigia marapa. Shule iko hapo. Ukimpigia mwenzako unajifunza kuacha nafasi na kusikiliza besi inaelekea wapi. Wengi ninaowasindikiza hawajui hata wanaimba kwenye kii gani, yaani noti ya msingi ya wimbo. Anayehangaika ni mpiga kinanda.

Mwaka 2011 alifungua shoo za Adele. Mwaka 2012 BBC ikamtaja kuwa msanii wa kutazamwa, na albamu yake ya kwanza, Home Again, ikatoka. Kwetu, mtu akifika hapo anaachia ngoma kila mwezi. Yeye aliitwa na Kanye West kwenye maandalizi ya albamu ya Kanye, Yeezus, akaona hana la kuchangia, akaondoka. Nyimbo alizokwisha kuandaa kwa albamu ya pili akaziweka kando. Love & Hate ilitoka 2016, ikashika namba moja Uingereza, na inafunguliwa na wimbo wa karibu dakika kumi ambao unasubiri karibu nusu yake ndipo aanze kuimba. Jaribu kumpelekea huo mtangazaji wa redio!

Kwa hiyo wimbo wako urekodi kwa simu, gitaa na sauti tu, uuache wiki kadhaa, kisha uuimbe mbele ya bendi. Wimbo usiposimama bila madoido ya studio, uweke kabatini, hata kama umeshalipia.

Jina nalo. Aliwahi kushauriwa atafute jepesi zaidi; mwaka 2019 akaiita albamu nzima KIWANUKA, na mwaka uliofuata ikampa Mercury, tuzo ya albamu bora ya mwaka ya Uingereza na Ireland. Nimeshamsikia promota akimwambia binti mwenye jina zuri la Kihaya ajiite kitu cha Kizungu. Sikujizuia kucheka.

Tatizo ni kwamba kukaa kimya hakulipi kodi ya nyumba. Kiwanuka alikuwa na lebo nyuma yake, wewe huna. Ndiyo maana sikuambii uache kupiga kopi, yaani nyimbo za wengine, hotelini wikiendi. Endelea nazo, huku zako zikiiva.